Ukitaka kujua dola ya Zanzibar ilivyoanguka, anza forodhani

Kila nikiwapa wanafunzi wangu wa jioni swali la kuanguka kwa dola ya Zanzibar, wengi hukimbilia Agosti 27, 1896: manowari za Waingereza, jumba la sultani kupigwa mizinga, vita visivyofika hata saa nzima. Kwangu hapo hupati maksi. Zanzibar ilikuwa imeshatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Kilichopigwa mizinga ni maiti.

Fanya hivi. Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kilichoipandisha dola, na usiguse kulia mpaka kushoto kumejaa. Usianze na sifa za mtawala. Uliza fedha iliingia wapi na nani aliipokea.

Kwa Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, jibu liko forodhani. Hakuajiri makarani wa kukusanya ushuru. Aliikodisha kazi hiyo kwa tajiri, aliyemlipa kiasi walichopatana kila mwaka, kinachozidi chake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Jairam Sewji, wafanyabiashara wenye asili ya Kachchh, India. Mwaka 1833 Said akafunga mkataba na Wamarekani: ushuru asilimia 5 tu kwa bidhaa wanazoshusha. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zikaja na vitambaa, ndiyo merikani yenyewe, zikaondoka na pembe za ndovu. Ongeza mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na urafiki na Waingereza, wenye nguvu baharini. Said alifanya hesabu nzuri, sina ubishi.

Sasa nenda kulia, uandike mambo yale yale. Wengi hapa hutafuta maadui wapya, na ndipo wanapopotea. Mwenye kukusanya ushuru akawa ndiye mwenye kumkopesha sultani, na deni likakua. Ile asilimia 5 ikawa kamba: mgeni humwongezi ushuru hata hazina ikiwa tupu. Watumwa waliolima karafuu wakawapa Waingereza sababu ya kuingia. Juni 1873 Sultani Barghash, mwana wa Said, alitia saini kufunga soko la watumwa huku akitishiwa kuzingirwa na manowari.

Urafiki wenyewe ndio uliogharimu zaidi. Said alifariki baharini 1856. Mwanawe Thuwaini wa Muscat alipotuma meli 1859 kumwondoa nduguye Majid, sultani wa Zanzibar, Waingereza walizirudisha njiani. Mwaka huohuo Barghash alimwasi Majid, Waingereza wakasaidia kumshinda na kumpeleka Bombay. Mwaka 1861 Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza, akaamua Oman na Zanzibar zitengane na Majid amlipe kaka yake reale 40,000 kila mwaka. Ukiona mgeni anaamua mirathi ya nyumba, weka kalamu chini ufikiri.

Kisha pima kila sababu kwa kuiondoa. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja; kiondoe, je, dola ingesalimika? Hapana. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na mikarafuu hupandwa tena. Kifute.

Bara nako kupime hivyohivyo. Tunaambiwa zumari likilia Unguja hucheza walio maziwani, lakini kucheza si kutii. Misafara ilibeba bendera ya sultani. Maofisa wake ndani ya bara walikuwa wachache mno. Ndiyo maana Mjerumani Carl Peters aliweza 1884 kuzunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba, na 1886 Waingereza na Wajerumani wakamwachia Barghash visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Sababu hii usiifute.

Ukimaliza, jaribu Kilwa. Kushoto utaandika dhahabu ya Sofala. Kulia, kabla ya kuwataja Wareno wa 1505, tafuta kwanza nani alikuwa amekalia kiti cha usultani siku hiyo, na kwa haki gani.