Futa laptop kabla hujaiuza, na uifute kweli

Kutupa mafaili kwenye kapu la taka na kulimwaga si kufuta. Kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali faili lilipokuwa. Data yenyewe inaweza kubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kufufua mafaili zipo tele, nyingine za bure.

Kwenye Windows 11, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha urejeshaji, uchague kuiweka kompyuta upya. Utaulizwa kama ubakize mafaili yako au uondoe kila kitu: ondoa kila kitu. Usikimbilie kubonyeza endelea, maana hapo ndipo wengi hupitiwa. Fungua kwanza mipangilio ya ziada uwashe chaguo la kusafisha diski. Kwa diski ya zamani ya kuzunguka, kazi hiyo huweza kula saa kadhaa, kwa hiyo chomeka chaja ukalale.

Wenye Mac yenye chipu kuu ya Apple au chipu ya usalama ya T2, na mfumo wa macOS toleo la Monterey kuendelea, wana chaguo moja la kufuta kila kitu. Ila hakikisha umetoka kwenye akaunti yako ya iCloud, la sivyo mnunuzi anaweza kukwama kwenye kufuli la akaunti hiyo, na simu zake utazichoka.

Nakala ya mafaili yako itoe kabla ya yote, na uifungue uone kama inasomeka. Mwishoni, skrini ya kuchagua lugha ikitokea, zima hapo hapo. Mnunuzi ataendelea mwenyewe.