SOMO: Kuingia kwenye jaribio la dawa ya kifafa

Majaribio mengi ya dawa mpya ya kifafa kwa watu wazima huenda hivi: unaendelea na dawa zako za kila siku, kisha unaongezewa vidonge vya jaribio. Huenda ni dawa yenyewe, huenda ni dawa bandia iliyofanana nayo, na wewe wala daktari wako hamjui ni ipi. Basi anayekwambia uache kwanza dawa yako ya kifafa, mfano phenobarbital, "damu isafike", mkimbie. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma.

Hatua ya 1: Hakiki vibali. Tanzania viwe viwili, cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Omba namba zake. Jaribio lenyewe litafute PACTR, sajili ya majaribio ya tiba ya Afrika iliyoko Cape Town.

Hatua ya 2: Nenda na fomu ya ridhaa nyumbani, usisaini palepale. Tafuta mambo manne: nani analipia matibabu ukidhurika, nauli, namba ya kupiga usiku, na kama utaendelea kupata dawa jaribio likiisha. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa timu ya utafiti.

Hatua ya 3: Daftari. Hapa ndipo wengi huharibu. Kabla ya kidonge cha kwanza utaandika kila tukio la kifafa, mara nyingi kwa wiki 8, hivi:

"12/3, saa 2 usiku (20:00). Mkono wa kulia ulitetemeka, hakuzimia. Dakika 1."

Hayo mabano ni ya lazima. Ukiandika "saa 2" tupu, karani ataingiza 2:00, na tukio la jioni litageuka la usiku wa manane. Usiandike "mara kadhaa", andika idadi. Anayezimia hajioni, kwa hiyo mtu wa nyumbani ndiye ashike kalamu. Dawa hupimwa kwa kulinganisha wiki hizi na zijazo, na aliyepungukiwa na angalau nusu ya matukio huhesabiwa amepata nafuu. Ukificha matukio sasa, hata dawa nzuri itaonekana bure.

Hatua ya 4: Vidonge. Dozi huanza ndogo, hupandishwa, kisha hukaa palepale, kwa kawaida wiki 12. Rudisha pakiti zote, na vilivyobaki pia, maana vitahesabiwa. Kuvitupa chooni ili uonekane mtiifu ni kuwadanganya watakaopewa dawa hiyo kesho.

MASWALI YA WANACHAMA

Nikiangukia dawa bandia si nimepata hasara?
Dawa zako za zamani bado unameza. Majaribio mengi yana awamu ya pili ambapo wote hupewa dawa halisi; hakikisha imeandikwa kwenye fomu.

Naweza kujitoa katikati?
Wakati wowote, na kliniki yako huipotezi. Ila toa taarifa, dozi ishushwe polepole.

Nina kijiti cha uzazi wa mpango, kuna shida?
Ipo, hata bila jaribio: dawa za kifafa carbamazepine, phenytoin na phenobarbital hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Uliza njia nyingine kabla ya kusaini.

Mgonjwa akishikwa na kifafa tukiwa nyumbani?
Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, hospitali, kisha ipigie timu.

Mama mkwe ananichemshia majani, niseme?
Sema, na ulete majani yenyewe. Hakuna atakayekugombeza.