Karatasi ya mgomba, bila mashine

Mgomba huzaa mara moja tu. Ukishakata mkungu, shina halina kazi tena, ila kwetu huku Kilimanjaro mwenye haki nalo wa kwanza ni ng'ombe. Kwa hiyo mimi hugawa: kiini laini kinaenda zizini, maganda ya nje nabaki nayo. Humpunji ng'ombe wala hujipunji, maana kiini hakina nyuzi za maana hata ukikichemsha kutwa.

Vaa nguo kuukuu. Utomvu wa mgomba ukidondokea shati, ndiyo basi tena.

1. Kata na uanike. Vipande vya sentimita 2 vinatosha. Virefu zaidi vitajisokota kinuni. Anika siku tatu nne. Shina karibu lote ni maji, usishangae toroli zima likikauka likaingia kwenye ndoo.

2. Chemsha. Kwa kilo 1 ya vipande vikavu weka maji lita 15 na magadi gramu 200, haya haya ya sokoni ya kulainishia maharage. Loweka usiku kucha, kisha chemsha nje kwa saa tatu hivi, umevaa glavu. Usitumie sufuria ya alumini! Magadi huila. Mimi niliazima ya mke wangu bila kuomba, ikatoka nyeusi, karatasi ikawa ya kijivu, na sufuria nikanunua mpya. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu.

Wapo wanaotumia kostiki ya kutengenezea sabuni. Inaivisha haraka, lakini inaunguza ngozi, na siitaki kwenye nyumba yenye watoto. Chukua uzi mmoja uuvute: ukiachana bila ubishi, imeiva.

3. Suuza. Wengi huharibikiwa hapa kwa sababu ya uvivu. Mimina kwenye kitambaa, kamua, ongeza maji safi, rudia mpaka maji yatoke meupe na nyuzi zisiteleze vidoleni. Kwangu huwa mara sita au saba. Ukiacha magadi ndani, karatasi itageuka rangi kabla hujaiuza. Maji ya kwanza usiyamwage kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, majirani wa chini wanautegemea. Chimba shimo mbali na mimea.

4. Twanga. Kinu na mchi, kidogo kidogo, kama nusu saa kwa kila kinu. Kupima, tia kibonge kidogo kwenye glasi ya maji, tikisa, itazame kwenye mwanga. Ukiona madonge, rudi kinuni. Blenda inawezekana kama maji ni mengi na nyuzi ni chache, lakini nyuzi ndefu huzungukia kisu na mota inaungua. Ukitaka karatasi laini zaidi, changanya robo ya karatasi za daftari kuukuu zilizolowekwa.

5. Chota. Unahitaji fremu mbili za mbao zinazolingana, moja imekazwa wavu wa dirishani. Ile tupu inakaa juu yake. Tia nyuzi ulizotwanga kwenye beseni la maji, rojo lake liwe jepesi kuliko uji wa mgonjwa. Koroga kila unapochota, kwani nyuzi hutuama. Zamisha fremu kwa mshazari, ilaze ndani ya maji, inyanyue ikiwa sawa, itikise mara moja mbele na pembeni, halafu tulia. Ukitikisa maji yakiwa yameshaisha, utapata matundu. Toa fremu ya juu, geuza ile ya wavu juu ya kitambaa kibichi, kandamiza kwa sponji, kisha inyanyue kuanzia upande mmoja.

6. Kamua na ukaushe. Panga vitambaa na karatasi zake kati ya mbao mbili, weka mawe juu, acha hadi kesho. Tundika kivulini, jua kali huzikunja kama chipsi. Za kuandikia, zipake uji mwepesi wa muhogo uliochujwa zikishakauka, la sivyo wino utasambaa.

Zinafaa kadi, bahasha na majalada ya daftari. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, wateja huniuliza mifuko ya sokoni. Ya zawadi nawatengenezea. Ya kubebea kilo mbili za sukari nawaambia wakanunue kikapu.