Kuhamishia misimbo ya hatua mbili kwenye simu mpya kabla ya kuiachilia ya zamani

Ni jambo la kawaida kwa mnunuzi kuingia duka la simu Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuacha simu yake ya zamani ili thamani yake ipunguzwe kwenye bei ya mpya, na kuondoka akiamini kwamba kila kitu kimehama kwa kuwa laini imehama. Kwa misimbo ya hatua mbili, yaani tarakimu unazoombwa baada ya nenosiri unapoingia kwenye akaunti, ikiwa inatumwa kwa ujumbe mfupi hilo ni kweli, kwani ujumbe huifuata laini. Misimbo ya programu kama vile Google Authenticator, hata hivyo, haihusiani na laini hata kidogo. Siku ulipowasha uthibitishaji wa hatua mbili, tovuti ilikupa ufunguo wa siri ndani ya msimbo wa QR. Programu iliuhifadhi, na tangu hapo huukokotoa pamoja na saa ya simu ili kutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, hata pasipo intaneti. Kwa hiyo simu ya zamani isikutoke mkononi kabla funguo hizo hazijafika kwenye mpya na wewe kuhakikisha kwamba zinafanya kazi.

Anza na misimbo ya akiba, yaani ile inayokuwezesha kuingia kwenye akaunti usipokuwa na simu yako. Google, kwa mfano, hutoa misimbo 10 yenye tarakimu 8 kila mmoja, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Inakili kwa mkono na uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Nakusihi usiende kuichapisha saiba, kwa sababu faili uliyoipakua inaweza kubaki kwenye kompyuta ambayo watu wengine wataitumia baada yako.

Kisha, ukiwa nyumbani, fungua Google Authenticator kwenye simu ya zamani, ingia kwenye menyu, teua sehemu ya kuhamisha akaunti, na uchague akaunti unazotaka kuzitoa. Skrini itaonyesha msimbo wa QR, nawe utauchanganua kwa simu mpya kupitia sehemu ya kupokea akaunti. Msimbo mmoja hubeba akaunti zisizozidi 10. Zikiwa nyingi zaidi, misimbo mingine itafuata. Nasisitiza nyumbani kwa sababu msimbo huo umebeba funguo zenyewe: mtu akiupiga picha ukiwa umeinamia kaunta ya duka, atakuwa akipata tarakimu zilezile unazozipata wewe hadi siku utakapobadilisha funguo.

Tangu mwaka 2023 programu hiyo inaweza pia kuhifadhi funguo katika akaunti yako ya Google, jambo linalorahisisha kazi, ila usiitegemee njia hiyo pekee ikiwa akaunti hiyohiyo ya Google inahitaji tarakimu za programu hiyo ili ifunguke. Programu za benki aghalabu hujifungamanisha na simu yenyewe, kwa hiyo huna budi kujisajili upya kwa utaratibu wa benki yako.

Sasa ziweke simu mbili kando kwa kando: tarakimu za kila akaunti zinapaswa kufanana. Toka kwenye akaunti moja baada ya nyingine na uingie tena kwa kutumia simu mpya, ukianza na barua pepe, maana ndiyo inayotumika kurejesha nyingine.

Tarakimu zikikataliwa, kagua saa. Simu iliyoletwa kutoka Dubai huweza kufika ikiwa bado na majira ya huko, yaliyo mbele ya Nairobi kwa saa moja. Mwenye simu akiirudisha saa nyuma kwa mkono bila kubadilisha eneo la majira, ataona saa sahihi kwenye skrini, lakini kwa hesabu ya ndani simu itakuwa imechelewa kwa saa nzima, na kila msimbo itakaoutoa utakuwa umekwisha muda. Washa tarehe na saa za kujirekebisha zenyewe, ujaribu tena.

Akaunti zote zikifunguka, ondoa akaunti ya Google kwenye simu ya zamani ili atakayeinunua asifungiwe, kisha ufute data zote kupitia mipangilio, kwa kuwa kuzihamisha funguo hakuzifuti zilikotoka. Ikiwa simu ya zamani iliibiwa kabla ya kuzihamisha, ingia kwa misimbo ya akiba, zima uthibitishaji wa hatua mbili katika kila akaunti na uuwashe upya, ili funguo zilizo mikononi mwa mwizi zikose kazi.