Kuiweka Klipschorn ya zamani kwenye kona
Paul W. Klipsch aliibuni spika hii Marekani miaka ya 1940 akiitegemea kona ya chumba: kuta mbili ndizo zinazomalizia honi ya besi, yaani njia inayopanuka kama tarumbeta na kutoa sauti nzito. Kwa hiyo anza na kona, waya baadaye. Tafuta yenye digrii 90 kamili, kata skatingi (ubao wa chini ya ukuta) ikizuia, kisha sukuma spika mpaka kingo zake zibane ukuta. Mimi hupitisha karatasi pembeni. Ikipenya, besi inavuja hapo. Bandika utepe wa sponji. Yangu ilikuwa na mwanya wa kidole kimoja tu, nami wiki nzima nikailaumu amplifaya, masikini! Toleo la 2019 limefungwa nyuma, halidai kona kwa ukali huo.