Jinsi ya kuifuatilia wikiendi ya MotoGP ili ukikaa kijiweni usiburuzwe

Wadau wa pikipiki, kila Jumapili jioni ubishi ni uleule, huyu kabebwa na Ducati, yule kaonewa, yule mzee kachoka astaafu, halafu ukimuuliza mtu umeangalia nini anakwambia nimeona lapu (mizunguko) tano za mwisho. Ndugu yangu, lapu tano za mwisho hazikwambii kitu. MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, ni shughuli ya siku tatu, na msimamo wangu ni kwamba kama una bando la kuangalia kitu kimoja tu kabla ya mbio yenyewe basi liweke Ijumaa, yale mazoezi ya pili, sio Jumamosi kama wengi wanavyofanya. Nitaeleza kwa kutumia mbio za barabara ya Lusail, Qatar, Aprili 2025, maana wikiendi ile ilikuwa na kila kitu, na pia saa za Doha ni sawasawa na za Dar, Nairobi na Kampala, kwa hiyo washkaji walioko kazini kule wanaangalia dakika ileile na sisi.

Tuanze na saa kabisa maana hapa ndo watu wengi wanakosa mbio. Ratiba inaandikwa kwa saa za pale mbio zilipo. Mbio za Ulaya kawaida ni 14:00 yao, kipindi cha kiangazi sisi tunaongeza moja, inakuwa saa tisa alasiri. Wakishabadilisha saa mwishoni mwa Oktoba unaongeza mbili, ndo maana Valencia ya Novemba inakuja saa kumi jioni na watu wanafungua saa tisa wanakuta watu wanapiga stori tu. Walioko Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi mna raha yenu, kiangazi saa yenu na ya Ulaya ni moja, hakuna hesabu. Qatar ni saa mbili usiku, pale wanakimbia chini ya taa tangu 2008. Malaysia ni saa nne asubuhi, Japani saa mbili asubuhi, na Phillip Island ya Australia ndo mtihani wenyewe, saa kumi na mbili asubuhi. Austin ya Marekani ni kinyume chake, saa nne usiku na kesho yake kazini. Hizo ndo saa zilivyozoeleka ila zinaweza kusogezwa, angalia apu rasmi siku mbili kabla.

Sasa Ijumaa. Asubuhi kuna mazoezi ya kwanza ya dakika 45, haya hayahesabiwi popote, usibishane nayo. Lusail ndo kabisa, barabara ipo jangwani, mchanga umetapakaa, wanaoanza wanafagia tu njia kwa tairi zao, ukiona jina la ajabu juu ya orodha tulia, kila lapu zinavyoongezeka muda unashuka wenyewe. Mazoezi ya pili ni ya saa nzima, na hapa kumi bora wanaenda moja kwa moja Q2 ya Jumamosi, kipindi cha kugombania nafasi za mbele za kuanzia mbio. Waliobaki wote wanatupwa Q1, kipindi cha kabla yake, kugombania nafasi mbili tu za kuingia Q2. Kwa hiyo dakika 15 za mwisho za Ijumaa ni vita, kila mtu anatia tairi laini mpya nyuma na kupiga taimu, mmoja akidondoka bendera ya njano inatoka na lapu ya kila aliyepita eneo lile inafutwa. Dereva mzuri anaweza kujikuta wa kumi na mbili kwa kosa la mtu mwingine kabisa, na wikiendi yake imeshaharibika Ijumaa ileile.

Ila siri ya Ijumaa haipo kwenye dakika 15 za mwisho, ipo kwenye zile 45 za kabla yake, wakati mtangazaji anapiga stori na wewe unataka kwenda kunywa chai. Usiende. Pale ndo wanakimbia na tairi zilizochoka kujaribu mwendo wa Jumapili. Na hata kama hukuangalia, baada ya kila kipindi tovuti rasmi ya MotoGP inaweka mafaili ya PDF kwenye ukurasa wa matokeo, bure, pakua lile linaloitwa Analysis, ni dogo hata bando la kuungaunga linalimudu. Ukilifungua utaona kila dereva ana kipande chake, juu kumeandikwa tairi ya mbele aina gani na ya nyuma aina gani, na ilikuwa na lapu ngapi alipotoka nayo piti (gereji za pembeni ya barabara), chini yake lapu moja moja na muda wake, umegawanywa vipande vinne vya barabara, na spidi aliyopita nayo kwenye mstari mnyoofu. Wewe usiangalie ile lapu moja kali. Tafuta mtu ambaye tairi yake ya nyuma ina lapu 15 na kuendelea halafu muda wake hautikisiki, Lusail unatafuta anayerudia 1:52 na kitu, 1:52 na kitu, 1:52 na kitu, wakati mwenzie wa juu kwenye orodha anaanza 1:52 anaishia 1:54. Huyo wa kwanza ndo wa kumwekea dau la soda hata kama yupo wa tisa.

Vipande vinne navyo vina kazi yake. Mtu anakwambia pikipiki fulani haina injini, wewe nenda kwenye kipande chenye mstari mnyoofu, Lusail una urefu wa kilomita 1 na mita 68, halafu linganisha spidi. Mara nyingi utakuta pikipiki inayolaumiwa haijaachwa sana pale, inaachwa ikitoka kwenye kona, tairi ya nyuma inateleza dereva akivuta resi. Hilo ni tatizo lingine kabisa na linatibiwa kwingine. (Kwa wanaopenda namba, rekodi ya spidi ninayoikumbuka ni 366.1 km/h, Mugello 2023, Brad Binder, kijana wa Afrika Kusini. Huyohuyo ndo mtu wa kwanza wa nchi yake kushinda mbio ya daraja la juu, Brno 2020. Na anayesema Afrika hatuhusiki mkumbushe Welkom ya Afrika Kusini, waliandaa kuanzia 1999 mpaka 2004, na palepale tarehe 18 Aprili 2004 Rossi alimpiga Biaggi kwenye mbio yake ya kwanza akiwa na Yamaha.)

Tairi zenyewe utazijua kwa rangi ubavuni, mstari mweupe ni laini, isiyo na mstari ni ya kati, njano ni ngumu. Mpaka 2026 ni Michelin, 2027 wanaingia Pirelli na injini zinashuka toka 1000 cc kwenda 850, kwa hiyo ujuzi wote huu wa tairi tutaanza upya pamoja.

Jumamosi ina mambo mengi ila nitapita haraka. Asubuhi nusu saa ya mazoezi isiyohesabiwa, kisha Q1 na Q2, dakika 15 kila moja, madereva 12 wa Q2 wanapanga safu nne za mbele watatu watatu. Kumbuka mpangilio huo unatumika mara mbili, sprinti (mbio fupi) ya siku ileile na mbio ya Jumapili, kwa hiyo ukianguka Q2 umejiadhibu mara mbili. Bagnaia pale Lusail 2025 alidondoka kwenye Q2 akaanza wa 11, Marc Marquez akachukua nafasi ya kwanza, na hapo nusu ya hadithi ilishaandikwa.

Sprinti ni nusu ya mbio, inatoa pointi 12 kwa wa kwanza, 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2, na wa tisa 1. Kuna watu wanaidharau wanasema ni burudani tu. Hao waulize 2024 kilitokea nini. Bagnaia alishinda grand prix (mbio kuu ya Jumapili) 11 mwaka ule, kumi na moja!, Jorge Martin alishinda 3 tu, na bingwa akawa Martin, 508 kwa 498. Bagnaia alikuwa akianguka na kupoteza pointi Jumamosi wakati mwenzie anakusanya. Ila na upande wa pili nao wajue, ushindi wa sprinti hauhesabiwi kama ushindi wa grand prix kwenye rekodi, kwa hiyo mtu akianza kujumlisha sprinti za Marc na ushindi wa Rossi mkatishe mapema kabla hajafika mbali.

Jumapili usifungue dakika ya mwisho. Mbio za Ulaya, madaraja ya chini yanatangulia, Moto3 inaanza saa sita mchana kwetu na Moto2 saa saba na robo, na ukiangalia Moto3 utajua upepo unatoka wapi na kona gani inaangusha watu. Kabla ya kuanza kamera inapita kwenye safu, hapo soma tairi, nani kaweka ngumu mbele nani kaweka ya kati. Mvua ikinyesha bendera nyeupe inatoka na wanaruhusiwa kuingia piti kubadilisha pikipiki nzima, sio tairi, pikipiki ya pili ipo tayari imevaa tairi za mvua. Hapo akili inazidi mkono. Le Mans 2025 Johann Zarco alitulia na tairi za mvua wakati wenzie wanaingia na kutoka piti, akashinda nyumbani kwao, Mfaransa wa kwanza kufanya hivyo tangu 1954. Lusail yenyewe mvua ya 2009 iliwafanya waahirishe mpaka Jumatatu, maji na zile taa ni hatari.

Haya, mbio ya Lusail 2025, lapu 22. Kona ya kwanza tu ndugu wawili wanagusana, Marc Marquez na mdogo wake Alex, kipande cha mapezi ya nyuma ya Marc kinang'oka. Morbidelli anakimbia mbele. Alex baadaye anamgonga Di Giannantonio anapewa adhabu ya kupita njia ndefu, ile njia ya nje ya kona ambayo ukishapewa lazima uipite ndani ya lapu tatu. Halafu kutoka nafasi ya sita anakuja Viñales na KTM ya timu ya Tech3, pikipiki ambayo hakuna aliyeitaja wiki nzima, anapita mmoja mmoja mpaka anaongoza. Marc anamrudia mwishoni na kushinda, Viñales wa pili, watu wanapiga makofi. Kisha Viñales anapewa adhabu ya sekunde 16. Kutoka wa pili mpaka wa 14.

Kwa nini? Presha ya tairi ya mbele. Hili lielewe vizuri maana ndo linavuruga vijiwe vingi. Sheria inataka isishuke chini ya ba 1.8, ni kama 26 kwenye kipimo cha fundi pancha wako, na uwe juu ya hapo kwa angalau asilimia 60 ya lapu za grand prix, asilimia 30 kwenye sprinti. Ukikosa ni sekunde 16 Jumapili, 8 Jumamosi. Sasa presha inapanda na joto. Ukiwa nyuma ya mtu unakula hewa yake ya moto, tairi inachemka, presha inapanda. Ukiwa mbele peke yako upepo unaipoza, inashuka. Fundi anatakiwa abashiri kabla mbio haijaanza kama dereva wake atakuwa kwenye msongamano au mbele, akijaza nyingi na jamaa akakwama katikati tairi inakuwa kama puto na hashiki breki, akijaza kidogo na jamaa akapata hewa safi anakula adhabu.

Ukishajua hili utaanza kuona vitu ambavyo wengine hawavioni. Buriram ya Thailand, Machi 2025, Marc anaongoza kisha ghafla anampisha mdogo wake, watu wakaanza kelele, kachoka, kamuachia ndugu yake. Hakuachia chochote, presha ilikuwa chini, akakaa mgongoni kwa Alex mpaka ikapanda na lapu zikahesabika, zikiwa zimebaki tatu akampita akaondoka. Ukiona kiongozi anapunguza bila sababu, kabla hujaandika kachoka angalia kwanza lapu zimeenda ngapi.

Kwa hiyo Jumapili usifunge simu bendera ya madoa, ile ya kumaliza mbio, ikipepea. Subiri karatasi ya matokeo rasmi itoke. Baada ya hapo ndo ufanye hesabu ya ubingwa, nayo ni rahisi: 25 za grand prix na 12 za sprinti ni 37 kwa wikiendi, zidisha na raundi zilizobaki. Motegi ya Japani 2025 Marc alitoka pale akiwa mbele ya Alex kwa pointi 201 na zimebaki raundi tano, 37 mara tano ni 185, basi, bingwa, japo mbio yenyewe alishinda Bagnaia. Anayekwambia bado kuna nafasi mpe kalamu apige hizo hesabu mwenyewe.