Kutenga seli za kinga kutoka ubongo na ugwe mgongo wa panya

Dawa inayozuia seli za kinga kupenya ubongoni, kama natalizumab ya wagonjwa wa MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na ugwe mgongo), hupimwa kwa swali moja: zimeingia ngapi? Ukihesabu na zile zilizokuwa bado ndani ya mishipa ya damu, dawa nzuri itaonekana imeshindwa. Ndiyo maana hatua ya kuosha damu ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote.

Tumia panya wa C57BL/6 (aina ya panya wa maabara) waliopewa EAE, ugonjwa wa panya unaoiga MS, kwa peptidi ya MOG35-55 (kipande cha protini ya mayelini, ala ya mafuta inayofunika neva), wakiwa kwenye kilele cha ugonjwa, miguu ya nyuma imepooza. Panya akiwa kwenye usingizi mzito wa dawa, choma sindano ventrikali ya kushoto, kata atiria ya kulia, pitisha polepole mililita 30 za PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi. Tazama ini: lisipopauka, damu bado imo. Maji yakitoka puani, sindano imevuka hadi upande wa kulia wa moyo. Irudishe nyuma kidogo.

Toa ubongo. Ugwe mgongo usiuchimbue: kata uti wa mgongo ncha zote mbili, sukuma PBS kwa bomba la sindano kutoka upande wa mkia, nao utachomoka mzima. Katakata, kisha loweka dakika 30 kwa nyuzi 37 kwenye vimeng'enya viwili: kolajenasi D inayolegeza tishu (miligramu 1 kwa mililita) na DNase I inayokata DNA (mikrogramu 100 kwa mililita). Bila DNase, DNA ya seli zilizokufa hunata kama kamasi na kunasa seli hai. Usizidishe muda, kwani kimeng'enya hunyofoa protini za juu ya seli na kingamwili za kutambulisha seli, utakazotumia mwishoni, zikakosa pa kushika.

Chuja kwa wavu wa mikromita 70. Changanya sehemu 9 za Percoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli kwa uzito wake) na 1 ya PBS iliyokolezwa mara 10; hiyo ndiyo asilimia 100 yako. Seli zikae kwenye asilimia 30, chini yake tandika asilimia 70. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 500 g, dakika 30, joto la chumba, breki imezimwa; breki huvuruga tabaka. Fyonza kwanza mayelini iliyoelea juu, ndipo uchukue seli kwenye mpaka wa 30 na 70. Zimua kwa bafa angalau mara 3, la sivyo Percoll iliyobaki itazuia seli kutuama.

Ziba vipokezi vya Fc, vinavyonasa kingamwili ovyo, kwa kingamwili ya CD16/32, kisha paka kingamwili zenye rangi za CD45 na CD11b (protini za juu ya seli za kinga) pamoja na rangi ya seli mfu. Mikroglia, seli za kinga zinazoishi ubongoni, huwa na CD45 ya wastani, seli zilizotoka kwenye damu huwa nayo nyingi, ingawa uvimbe huipandisha hata kwenye mikroglia. Kwa uhakika zaidi kuhusu damu, dunga kingamwili ya CD45 ya rangi tofauti kwenye mshipa wa mkia dakika 3 kabla ya kumuua panya. Seli zitakazoonyesha rangi hiyo zilikuwa mishipani. Zitoe kwenye hesabu.